Mazimwi Yangu Yalipoanza Kugeuka Watu

Mmeshasoma simulizi za mtu kugeuka fisi, mtu kugeuka paka, mtu kugeuka nyoka mbele ya mashahidi.

Hongereni.

Kwangu mambo yalikwenda kinyume. Mazimwi ndiyo yaliyoanza kugeuka watu.

Moja moja. Mchana kweupe. Ndani ya nyumba yangu, huku mimi nipo kazini natengeneza meno ya watu.

Kabla hujaniuliza navuta nini, kaa chini nikueleze.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Daktari aking'oa, mimi ndiye ninayetengeneza ya kujaza pengo. Maisha yangu ni nta, plasta, visu vidogo vidogo na kijimashine cha kusaga ambacho kikianza kulia, hata mpita njia anashika taya.

Sasa kwa kuwa kushinda nimeinamia vitu vidogo hakunitoshi, nikitoka kazini naenda kuinamia vingine.

Nacheza vita vya mezani.

Usicheke. Subiri, sababu za kucheka zipo mbele.

Mnakuwa wawili, kila mtu na jeshi lake la visanamu vya kimo cha kidole. Mnapanga mezani, mnapima mwendo kwa futi ya fundi cherehani, mnarusha dadu, mnauana kistaarabu. Na majeshi yenyewe si ya watu wa kawaida. Ni mazimwi, majini, viumbe vyenye vichwa vya wanyama. Utamkuta mtu mzima, ana mke na kitambulisho, anapiga kelele "Fahali wangu amekufa!" na mwenzake anampa pole ya dhati.

Tatizo ni kwamba mazimwi ya dukani yanafanana. Wewe unalo, mimi ninalo, yule naye analo.

Kwa hiyo sisi wenye akili, yaani mimi, tunatafuta visanamu vya kihistoria. Wale askari wa enzi za makoti marefu na kofia ndefu kama ndoo, wanaosindilia baruti kwenye bunduki. Wamechongwa vizuri hadi mikunjo ya suruali unaiona. Unamkata kichwa taratibu, unamwekea cha beberu, unamfinyangia pembe kwa plastiki ya ufizi niliyobakiza kazini, unapaka rangi.

Tayari una beberu aliyevaa kama anakwenda kuapishwa.

Jeshi langu nililiita Waheshimiwa wa Zizini. Sikuwa namlenga mtu. Acheni uchochezi.

Basi, siku moja napita kwenye duka la vitu vikuukuu karibu na kazini, naona sanduku la mbao lenye vifungo vya shaba. Nikafungua.

Jamani.

Askari wa kihistoria, wamejaa, wamelazwa kwenye pamba kama mayai. Na walikuwa wameshapakwa rangi. Si rangi ya mtu kajaribu, ni rangi ya mtu anayejua. Vifungo vya koti kimoja kimoja. Mikanda ina kivuli chake. Hadi macho wana, na kila mmoja anatazama upande wake kama ana mawazo yake binafsi.

Nani anapaka macho kwenye kichwa kidogo kama punje ya dengu?

Mtu mwenye moyo angewaweka kwenye kabati la kioo awatazame hadi uzee.

Mimi nikaenda kutafuta msumeno.

Nilifika nyumbani nimelikumbatia lile sanduku, nacheka mwenyewe. Mke wangu alikuwa jikoni. Alipoliona, kijiko kikamponyoka.

"Umelitoa wapi hilo?"

"Dukani! Tazama walivyo wazuri!"

Akalitazama. Akanitazama. Akasema, "Hongera," kisha akaenda kuoga.

Alikuwa ametoka kuoga muda si mrefu.

Mwanaume mwenye macho angejiuliza. Mimi nilikuwa na macho ya kutazama vifungo vya makoti tu.

Wakati huo mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa amehamia kwetu. Baba mkwe alifariki kabla sijaoa, sikuwahi kumkuta hai, na mama alikuwa amekaa peke yake muda mrefu hadi magoti yakaanza kugoma. Mke wangu akasema mama aje kwetu. Nikasema karibu. Ningesema nini kingine?

Kama umeoa, unaelewa. Mama mkwe si mtu, ni ofisi. Akiingia unasimama. Akipiga chafya unaomba radhi. Mazungumzo yetu yalikuwa haya kila siku, hayajawahi kuongezeka neno:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kazini salama?"

"Salama mama."

"Haya."

Baada ya hapo kila mtu anatafuta mlango wake.

Meza yangu ya visanamu ilikuwa kwenye kile chumba kidogo cha nyuma tunachopigia pasi. Mama alisisitiza kupiga pasi. Tulimkatalia, tukamwambia apumzike, akatusikiliza vizuri sana, kisha akapiga pasi. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya meza, pasi mkononi, anawatazama Waheshimiwa.

"Hawa ndio wenzio?"

"Ndiyo mama."

"Mh."

Ile "mh" ningekuwa na akili ningeikamata na kuihoji. Niliiacha ikapita.

Nilikata vichwa kwa furaha. Vichwa vya watu nikawa navitia kwenye kopo la plastiki, maana huwezi kujua. Kichwa kimoja tu sikukitia koponi. Kilikuwa cha mpiga ngoma wa kikosi: mashavu mazito, masharubu, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia kama anakukonyeza. Kilikuwa kizuri mno kukiacha kwenye kopo.

Kwa hiyo nikakitundika kiunoni kwa zimwi.

Hili zimwi, kubwa kama ngumi, lilikuwa kazi bora ya mikono yangu kuliko zote. Mwili nilioufinyanga mwenyewe, koti nililounga kutoka kwa askari wengi, na mdomoni meno ya kweli ya bandia, yale ambayo wateja walikataa wakasema yanawafanya wafanane na farasi. Zimwi halikulalamika. Na pale kwenye mkanda, kichwa cha mpiga ngoma kinaning'inia, kinakonyeza.

Nikalipeleka klabu.

Klabu yetu inakutana kwenye ukumbi nyuma ya kiwanda cha uchapishaji. Mashindano ya jeshi bunifu yalikuwa yanakaribia, na kila mshindani alitakiwa kuweka kisanamu kimoja kwenye kabati la kioo watu wakitazame mapema. Bingwa wetu ni wakala wa bima anayetaka tumwite Jemadari. Tunamwita Jemadari. Ana funguo za kabati, ana makombe, ana tabia ya kukushika bega anapokushinda.

Nilipoweka zimwi langu, kwa mara ya kwanza sikushikwa bega.

Nikajua mwaka huu nina kitu.

Wiki hiyohiyo ndipo mambo yakaanza.

Nilirudi kutoka kazini, nikawasha taa ya mezani, nikamtazama kapteni wangu. Kapteni alikuwa beberu. Asubuhi nilimwacha beberu.

Sasa alikuwa mtu.

Kichwa chake cha zamani kimerudi shingoni. Nikamgeuza, nikamweka chini ya lenzi, sikuona alama ya msumeno. Rangi ya shingo imefuatishwa hadi kwenye kola. Na kile kichwa cha beberu kimewekwa kwenye kisosi pembeni, kisafi, kama mgeni anayesubiri chai.

Nikasema nimechoka. Labda huyu sikumkata. Labda nilikusudia tu.

Kesho yake, sajini.

Keshokutwa, wawili kwa mpigo, na vichwa vyao vya kondoo kisosini, vimepangwa kwa ukubwa.

Kisha nikamwona mpiga ngoma. Nilikuwa nimempa kichwa cha fahali. Fahali ameondolewa, yuko kisosini na wenzake. Ila huyu hakurudishiwa kitu. Alibaki amesimama hana kichwa, vijiti vya ngoma hewani.

Wenzake wote wanapona, yeye anazidi kufa.

Nikaenda kwa mke wangu.

"Kuna mtu anagusa vitu vyangu?"

"Vitu gani?"

"Mazimwi yanageuka watu."

Alicheka. Alicheka muda mrefu kuliko utani wenyewe, akapangusa macho, akasema, "Labda yameokoka."

Kazini nikamweleza dada wa mapokezi. Akaniuliza kama kuna ndugu tuliyegombana naye. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza kama mapembe hayo niliyatengeneza kwa plastiki ileile inayoingia kwenye midomo ya wateja. Nikabadilisha mada.

Nilimwaza Jemadari, lakini Jemadari hajui hata ninapokaa. Nilimwaza paka. Nilikaa nikamhoji paka kwa uzito, nikiwa mtu mzima, napiga hesabu kama paka anaweza kushika brashi.

Mama mkwe sikumwaza. Nani anaishuku ofisi?

Basi nikaweka mtego. Asubuhi nikaaga kama kawaida, nikaenda kazini, mchana nikaomba ruhusa nikarudi kimya kimya. Nikavua viatu mlangoni. Nyumba imetulia. Kutoka chumba cha nyuma nasikia mtu anaimba puani.

Nikachukua fagio. Usiniulize la nini. Kama ni jini, nilitaka tu awepo mmoja wetu mwenye silaha.

Nikasukuma mlango.

Mama mkwe amekaa kwenye kiti changu. Amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Brashi moja nyuma ya sikio, nyingine mkononi, nyembamba kama unywele. Koplo wangu amemshika kwa vidole viwili na anampaka kola, na ule mkono haukutikisika hata kidogo.

Akainua macho. Akanitazama mimi, akatazama fagio.

"Unataka kufagia, baba?"

Nikajibu, "Ndiyo mama."

"Haya, fagia."

Nikafagia.

Msinicheke. Ningefanya nini? Nikafagia chumba kizima, nikafagia chini ya meza, yeye akanyanyua miguu nipite. Nikarundika vumbi pembeni.

Nilipomaliza, bila kuinua kichwa, akauliza:

"Kichwa cha mpiga ngoma kiko wapi?"

"Mama?"

"Nimetafuta kwenye kopo. Nimetafuta chini ya meza. Nimepekua hadi takataka. Kiko wapi?"

"Mama, samahani, kwani wewe hawa… unawajua?"

Akaweka koplo chini. Akavua miwani ya kwanza, halafu ya pili.

"Hawa ni wa baba yenu, mwanangu. Mpiga ngoma ndiye baba yenu mwenyewe. Ujanani alikuwa anapiga ngoma kwenye bendi. Lile jicho lilikuwa lake hivyohivyo, la kushoto dogo. Sura yake iko pale. Picha zake zote zimefifia, ila ile haijafifia."

Nikaweka fagio chini.

Nilimkata kichwa baba mkwe wangu.

Sikuishia hapo. Nilimning'iniza.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nyumba ni yenu. Mimi nimekuja juzi, nianze kudai vitu? Nikasema nitarudisha mmoja. Ukiona, utaniuliza. Hukuuliza. Nikarudisha wa pili."

"Nilikuwa naogopa, mama."

"Na mimi," akasema. "Kwa hiyo kiko wapi?"

Kuna maswali ambayo hakuna namna nzuri ya kuyajibu. Jaribu wewe kumwambia mama mkwe kwamba kichwa cha marehemu mumewe kipo kiunoni kwa zimwi, ndani ya kabati la kioo, nyuma ya kiwanda, na watu wanakisifia.

Nilimwambia.

Akafunika kopo la rangi. Kisha akasimama kutafuta mkoba.

"Twende."

Tukaingia kwenye kigari changu, tukaenda klabu. Njiani sikuwasha redio. Hata honi niliionea haya.

Ukumbini tulimkuta Jemadari na wanachama wengine wanapanga meza. Mama akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akavaa miwani yake mbili, akainama mbele ya kioo.

"Huyo hapo."

Jemadari akasogea kwa adabu. "Nani, mama?"

"Mume wangu."

Jemadari akalitazama zimwi. Akatazama meno. Akanitazama mimi.

Nikamwita pembeni, nikamweleza kwa kifupi, nikamwomba funguo. Akavuta pumzi kama mtu anayesoma masharti madogo ya mkataba, na hiyo ndiyo kazi yake.

"Ndugu yangu, nakuhurumia. Lakini kanuni ni kanuni. Kisanamu kikishaingia kabatini hakiguswi hadi siku ya mashindano. Ukikitoa, umejitoa."

"Nataka kichwa tu."

"Hata ukitaka unyusi."

Sitawadanganya, nilisita. Miaka yote ninashikwa bega. Miaka yote nampigia makofi mtu huyu. Na zimwi langu lipo pale, zuri kuliko kila kitu kwenye lile kabati, linacheka kwa meno ya wateja.

Mama akatusikia. Akageuka taratibu.

"Mwanangu, kama ni shida, acha tu."

Acha tu!

Wenye wakwe mnajua. "Acha tu" ya mama mkwe haijawahi kuwa na maana ya kuacha. Ile ni hati ya kukukamata iliyofungwa kwenye karatasi ya zawadi.

"Lete funguo," nikamwambia Jemadari.

Nikalitoa zimwi mbele ya watu wote, nikachukua kisu changu, nikakata mkanda. Kwa haraka nikakwangua koti lote ubavuni. Kichwa kikaangukia kiganjani mwa mama. Akakifunika kwa kidole gumba, na ukumbi mzima wa wanaume wenye majeshi ya plastiki ukatazama chini.

Ningependa kuwaambia tuliondoka hapo kwa huzuni na utulivu.

Hatukuondoka. Mama alikuwa amefuta macho na sasa ameliona jeshi la Jemadari, lile la ubingwa, limepangwa kwenye meza ya katikati.

"Hawa wamepakwa na nani?"

"Mimi mwenyewe, mama," akajibu Jemadari, kifua mbele. Jibu lilitoka kabla swali halijaisha.

Mama akamtazama usoni. Akamtazama vidole. Akamtazama usoni tena.

"Mkeo hajambo?"

"Ha… hajambo, mama."

"Msalimie. Mwambie mkono wake mzuri sana."

Sijawahi kumwona wakala wa bima aliyekosa neno. Alianza kupanga dadu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kwenye gari sikuweza kujizuia.

"Mama, ulijuaje?"

"Kujibu haraka hivyo? Anayepaka kwa mkono wake, ukimuuliza, anaanza kukuonyesha alipokosea. Anayesingizia kupaka ndiye anayesema 'mimi'."

Akatazama nje ya dirisha.

"Nimeishi na mmoja."

Nikakaribia kupanda ukingo wa barabara. "Baba? Si ndiye aliyewapaka hawa?"

"Baba yenu alikuwa anawanunua. Mikono yake ilikuwa ya ngoma, brashi ingemvunjikia. Mimi ndiye niliyekuwa nawapaka, dirishani, watoto wakiwa shule. Wageni wakija anafungua sanduku. Wanamsifu. 'Bwana wewe ni fundi!' Na mimi naleta chai."

"Hukuwahi kusema?"

"Nilikuwa nimeshika sinia."

Kisha akacheka. Kwanza kidogo, halafu mabega yakaanza kumtikisika.

"Nilimpenda, usinielewe vibaya. Lakini alivyokuwa anajisifu yule mtu… wiki moja ya kuning'inia kiunoni kwa zimwi, mwanangu, alistahili."

Nilicheka hadi nikaegesha gari pembeni.

Nikadhani mambo yameisha. Tumesikilizana, tumecheka, kichwa kimepatikana. Ndipo mama akauliza swali dogo tu.

"Ila ulikwenda lini kulichukua sanduku kwa shemeji yako?"

"Sanduku gani?"

"La hawa askari. Nilipohama, mkeo aliniambia limepelekwa stoo kwa kaka yake. Nilidhani ulilifuata kule."

"Mama, sanduku nilinunua. Dukani. Kwenye duka la vitu vikuukuu."

Akageuka kunitazama.

Nikamwona mama anafikiri. Akaniona nafikiri. Kijiko kilichoanguka. "Hongera." Kuoga mara mbili.

"Washa gari," mama akasema.

Mke wangu alikuwa mezani anakata vitunguu. Tukaingia wote wawili, tukasimama bega kwa bega, mimi na mama mkwe, kambi moja kwa mara ya kwanza tangu nioe. Akatutazama mara moja tu, akaweka kisu chini.

"Mmeongea," akasema.

"Tumeongea," mama akajibu.

"Mama, kila ukilifungua lile sanduku ulikuwa unalia. Miaka yote. Nikasema sanduku hili litamuua mama yangu. Siku ya kuhama nikalipeleka dukani, nikakuambia lipo kwa kaka. Nilitaka upumzike."

"Na mimi?" nikauliza. "Ulipoona nimerudi nalo?"

"Ulikuja unacheka kama mtoto! Mji wote huu, maduka yote haya, wewe ukanunue lile lile! Nikasema Mungu amelirudisha mwenyewe, nitatafuta siku nzuri niwaeleze. Kisha nikageuka nikakuona umeshika msumeno."

"Ukakaa kimya."

"Ningeanzia wapi? Mama naye akaanza kurekebisha, nikamwona. Wewe ukaanza kuzungumza na paka, nikakuona pia. Nikasema hawa wawili watakutana katikati, mimi nitajifanya sipo."

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Mwanangu, sikuwa namlilia baba yako. Kidogo, ndiyo. Nilikuwa nalia kwa sababu amekufa na ameondoka na sifa zangu. Hakuna mtu duniani aliyebaki anayejua kwamba ile mikono ilikuwa yangu."

Mke wangu akaweka uso kwenye viganja. Alisema ni vitunguu. Tukamwachia avisingizie.

Nikaenda chumba cha nyuma nikalichukua sanduku, nikaliweka mbele ya mama. Lote. Waliopona na ambao bado walikuwa mabeberu. Nikamwambia ni lake, sitagusa tena.

Akamchukua mpiga ngoma, akamtia mfukoni pamoja na kichwa chake. Kisha akanisukumia sanduku.

"Huyu anatosha. Hawa wengine kata. Wamekaa gizani muda mrefu, waache wakatembee hata kama ni mabeberu. Ila unakata vibaya, shingo zote zinapinda. Nitakuonyesha."

Fundi wa meno bandia, nimesomea, nina cheti ukutani, na nilikaa kwenye kile chumba nikafundishwa kukata shingo.

Siku ya mashindano nilikuwepo kama mtazamaji, maana nilishajitoa. Jemadari alifika, na nyuma yake akaingia mwanamke mfupi ambaye hatukuwahi kumwona. Alikuwa na rangi ya buluu kwenye kucha. Salamu zilikuwa zimefika.

Sijui walizungumza nini nyumbani kwao. Najua tu kwamba kwenye meza ya lile jeshi la ubingwa kulikuwa na kadi mpya, na jina juu yake halikuwa la Jemadari.

Na mama mkwe naye alikuwa na meza yake, ile ya nafasi niliyoiacha mimi.

Alikuwa ameweka kitu kimoja tu. Zimwi nono limekaa kwenye kiti kizuri, kifua mbele, linapongezwa na wageni wenye vichwa vya kondoo. Nyuma ya kiti amesimama mwanamke mdogo. Mkono mmoja umeshika sinia la chai. Nyuma ya sikio ana brashi, nyembamba hivi kwamba lazima usogee ndipo uione.

Watu walikuwa wanasogea, wanacheka, halafu wanaiona brashi, na kicheko kinakatika.

Wanaume ukumbini tulianza kutazamana, kila mmoja akitumaini zimwi lile limefanana na mwenzake.

Mke wa Jemadari alishika nafasi ya kwanza. Mama akashika ya pili, akasema hukumu ni ya haki, yule dada ana mkono thabiti, ila kwenye farasi alikosea kivuli. Mke wa Jemadari akamjibu anajua, farasi wa tatu, alikuwa amechoka. Wakaondoka na viti vyao kwenda kukaa pembeni, wakaongea hadi ukumbi unafungwa. Mimi na Jemadari ndio tuliobaki kukunja meza.

Hakunishika bega. Alinisaidia kubeba.

Sasa funzo, maana najua mtanidai.

Ukiona vitu vyako vinabadilika nyumbani, usikimbilie majini, usimhoji paka. Kuna mtu humo ndani anakuambia jambo, ila heshima imemkaba. Na wewe heshima imekukaba. Mnaweza kuheshimiana hivyo hadi mmoja wenu azikwe.

Uliza. Hata ukiwa umeshika fagio.

Na wewe unayesifiwa kwa kazi nzuri mbele za watu, hebu kabla hujasema asante, geuka nyuma utazame nani anakuja na chai.

Ningeendelea, lakini naitwa chumba cha nyuma. Mama anapaka macho leo, na siku za macho mimi ndiye mshika taa. Nikitikisika nafukuzwa.